Koti la Nta: Kwa Nini Dawa ya Kifua Kikuu Haiachwi Njiani

Haya ni mazungumzo ya fundi mstaafu wa maabara na wanafunzi wa sekondari huko Ihumwa, Dodoma. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema. Mwishoni yapo maswali ya wanafunzi na majibu yake. Msomaji, soma, kisha msomee na mwenzako.

Mwalimu Mkuu, walimu, na ninyi wanangu, mbukwenyi! Naona waliocheka ni wenyeji, na wanaotazamana ni wageni. Haya, habari za asubuhi? ... Marahaba, marahaba. Kaeni.

Mimi nimefanya kazi maabara miaka mingi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuangalia makohozi. Ndiyo, makohozi. Msikunje nyuso! Ndani ya makohozi nimeona mambo ambayo mgonjwa mwenyewe alikuwa hajayajua.

Leo sikuja kuwatisha. Nimekuja na kichala cha zabibu, kikombe cha maji, mafuta ya alizeti kidogo, kipande cha mshumaa, vioo viwili vya maabara na sabuni ya mche. Kwa vitu hivi nataka mwelewe kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu anameza dawa kwa miezi, wakati kikohozi kinaweza kukatika ndani ya wiki chache tu. Nina sababu yangu ya kulisema jambo hili. Nitaitaja mbele.

TONE LA MAJI JUU YA ZABIBU

Wewe binti wa mbele, njoo. Chukua zabibu hii. Unaona ule unga mweupe juu ya ganda? Watu wa Dodoma tunaijua zabibu, lakini wengi tunadhani lile ni vumbi la barabarani. Siyo vumbi. Ni nta, mmea wenyewe umeitengeneza. Sasa dondosha tone moja la maji. Limefanya nini? Limejikunja kama gololi, linataka kudondoka. Ganda limeyakataa maji.

Sasa vioo hivi. Kimoja nimekiosha vizuri kwa sabuni na kukisuuza. Cha pili nimekipaka mshumaa. Dondosha tone kwenye kila kimoja. Kwenye kioo kisafi tone limelala, limetandaa kama mkeka. Kwenye kile cha mshumaa limesimama kama kichuguu. Maji ni yale yale, kikombe ni kile kile. Tofauti ni uso unaoguswa na maji.

Kwa hiyo kuna nyuso zinazopenda maji, na nyuso zinazokataa maji. Kwa nini? Molekuli za maji zinashikana, kama watoto wanaocheza duara wakiwa wameshikana mikono. Kioo kisafi kina mahali pa kushika, kwa hiyo maji yanakishika nacho kinakuwa sehemu ya duara. Nta haina mkono wa kutoa. Basi maji yanageuka, yanashikana yenyewe kwa yenyewe, na nta inaachwa nje ya mchezo.

Angalia tena. Namwaga matone machache ya alizeti kwenye kikombe. Yanaelea, yanasogeleana, mawili yanakuwa moja, kama mnavyoona kwenye supu ya mbuzi. Mtu atasema mafuta yanapendana sana. Hapana, bwana. Maji ndiyo yanayopendana. Mafuta yanasukumwa pamoja kwa sababu maji hayataki kukaa nayo.

Sasa tia sabuni. Lile tone kubwa ukilikoroga linavunjika vipande vidogo vidogo, na vipande havirudiani upesi. Molekuli ya sabuni ina pande mbili: upande mmoja unashika mafuta, upande wa pili unashika maji. Ni kama mshenga anayezifahamu familia zote mbili. Ndiyo maana mkono wenye mafuta hautakati kwa maji matupu hata ukimwaga ndoo nzima, na ninyi mnajua ndoo moja ya maji hapa kwetu ina thamani gani. Maji kidogo na sabuni yanashinda maji mengi bila sabuni.

NGUVU HII IMEPIMWA

Najua wapo wanaosema, "Mama, hayo ni maneno tu, nguvu hiyo imepimwa wapi?" Swali zuri. Imepimwa, tena na jiwe mnalolikanyaga.

Mkienda korongoni mtaona mchanga unaomeremeta. Mara nyingi kinachometa ni vipande vya ulanga, wengine huita mika. Ulanga mkubwa ulichimbwa kwenye milima ya Uluguru, Morogoro, tangu enzi za ukoloni. Unabanduka tabaka kwa tabaka kama kurasa za daftari. Tabaka likibanduliwa vizuri, uso wake huwa laini kiasi kwamba hauna bonde wala kilima hata cha ukubwa wa molekuli moja.

Wanasayansi walitumia sifa hiyo. Katika miaka ya 1970 Jacob Israelachvili na wenzake, kwanza Uingereza na baadaye Australia, walitengeneza chombo chenye nyuso mbili za ulanga zinazosogezwa polepole ndani ya maji, huku mwanga ukipima nafasi iliyobaki kati yake. Nafasi hiyo ni ya nanomita chache. Nanomita moja ni milimita moja uliyoigawa mara milioni moja.

Walikuta nini? Ulanga mtupu unapenda maji. Nyuso mbili zikikaribiana sana, maji yaliyoshikamana nazo yanakataa kuondoka, zinasukumana. Lakini mwaka 1982 Israelachvili na Richard Pashley walichapisha matokeo ya ulanga uliofunikwa kwa tabaka jembamba lenye tabia ya mafuta. Safari hii nyuso zilivutana, na mvutano ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kawaida uliotegemewa. Wataalamu wengine baadaye walipata mvutano unaoanzia mbali zaidi, wakabishana miaka mingi, kisha ikaonekana kwamba sehemu ya mvutano ule wa mbali inaletwa na viputo vidogo sana vya hewa vinavyoganda kwenye uso unaokataa maji. Ndivyo sayansi inavyokwenda: unapima, unabishana, unapima tena.

Mwaka 1986 kikaja chombo kingine. Safari hii ni sindano ndogo sana iliyo kwenye ncha ya ubapa mwembamba unaopinda. Sindano inashushwa mpaka iguse kitu, halafu inavutwa juu. Ikiwa imenata, ubapa unapinda kabla ya kuachia, na kadiri unavyopinda ndivyo unavyojua nguvu iliyoushika. Wanangu, hiyo si ndiyo kanuni ya Hooke mnayoisoma na springi? Ni hiyo hiyo! Tofauti ni kwamba hapa tunapima nanonyutoni. Nanonyutoni moja ni sawa na uzito wa gramu moja iliyogawanywa vipande milioni kumi, ukachukua kipande kimoja tu.

Sasa wanangu, sogeeni. Hapa ndipo zabibu inapoingia hospitalini.

BAKTERIA ALIYEVAA KOTI

Kijidudu cha kifua kikuu ni bakteria. Robert Koch alitangaza kumgundua tarehe 24 Machi 1882, huko Berlin, ndiyo maana tarehe hiyo ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Ni kijiti chenye urefu wa sehemu mbili hadi nne za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Na kijiti hiki kimevaa koti la nta, mafuta marefu mazito yaliyosukwa kuzunguka mwili wake.

Mimi koti hilo nimekutana nalo kila siku ya kazi. Unachukua makohozi, unayapaka kwenye kioo, unakausha, unapitisha kwenye moto ili yashike. Unamwaga rangi nyekundu, unaipasha moto kutoka chini mpaka itoe mvuke. Moto unaisaidia rangi kupenya nta. Unasuuza, halafu unamwaga asidi iliyochanganywa na spiriti. Bakteria wengine wengi wanaachia ile rangi, lakini huyu anaing'ang'ania. Mwisho unamwaga rangi ya buluu, unasuuza na kukausha. Ukiweka kwenye hadubini, unaona uwanja wa buluu na ndani yake vijiti vyekundu. Basi, umemkamata. Koti lake mwenyewe limemsaliti. Leo hospitali nyingi zina mashine mpya zinazotafuta vinasaba vya bakteria huyu, lakini hadubini bado ina kazi yake.

Ukimkuza maabara kwenye maji yenye chakula chake, hatawanyiki kama bakteria wengine. Wanakusanyana mabonge, wanasokotana kama kamba, wanaelea juu kama utando. Mnakumbuka mafuta kwenye kikombe? Ni yale yale. Katikati ya miaka ya 1940 René Dubos, huko Marekani, alitumia kitu cha jamii ya sabuni kuwatawanya, na maabara bado zinatumia njia hiyo.

Na ile sindano nayo imemgusa. Mwaka 2007 watafiti wa chuo kikuu cha Louvain, Ubelgiji, walipaka sindano kitu kinachokataa maji, kisha wakaigusisha kwenye bakteria wa BCG, yule wa chanjo, ndugu mpole wa bakteria wa kifua kikuu. Sindano hiyo ikigusa uso unaopenda maji, inaachia kirahisi. Kwa bakteria huyu ilinata kwa nguvu, tena karibu kila mahali ilipogusa. Kisha wakampa dawa inayoitwa isoniazidi, wakapima upya. Tabia ya kukataa maji ilikuwa imepungua sana. Koti lilikuwa linatoboka!

Wanangu, isoniazidi si dawa ya kwenye vitabu tu. Imetumika tangu mwaka 1952, na leo imo ndani ya kidonge anachomeza mgonjwa wa kifua kikuu hapa Dodoma. Kazi yake ni kumzuia bakteria asitengeneze nta mpya. Anapotaka kukua na kugawanyika, anakuta hana kitambaa cha koti, anakufa.

BASI KWA NINI MIEZI 6?

Sikilizeni vizuri. Dawa hiyo inamnasa bakteria anayeshona koti, yaani anayekua. Bakteria wengi wa kawaida hugawanyika ndani ya dakika 20 au 30. Huyu anachukua karibu siku nzima. Na wapo wengine wamelala tu. Hawakui wala hawashoni, wamejificha ndani ya seli zile zile za mwili zilizotumwa kuwala. Koti linawasaidia wasisagwe humo.

Ndiyo maana mgonjwa anapewa dawa kadhaa pamoja. Kwa wagonjwa wengi ni dawa 4 kwa miezi 2 ya kwanza, kisha 2 kwa miezi 4. Wapo ambao daktari huwapangia vingine. Wiki za mwanzo zinaua wengi, homa inashuka, kikohozi kinapungua, hamu ya ugali inarudi. Miezi inayobaki ni ya wale waliolala. Ukiacha katikati wanaamka, na wanaoweza kubaki ni wale walioizoea dawa. Hapo unakuwa na kifua kikuu sugu, na unaweza kumwambukiza mwenzako huo usugu.

Sasa sababu yangu. Mdogo wangu alikuwa fundi ujenzi. Aliugua miaka mingi iliyopita, wakati tiba ilikuwa ndefu kuliko ya leo. Baada ya miezi 2 alikuwa amenenepa, anacheka. Akapata kazi ya mbali, akaondoka. Vidonge vilivyobaki aliviacha kwenye kopo juu ya kabati. Mimi, mtu wa maabara, niliona lile kopo. Nikajisemea, si amepona? Sikumtafuta.

Mwaka uliofuata nilikuwa kazini, naangalia kioo kimoja. Vijiti vyekundu vilijaa kama mbegu za ufuta. Nikaandika majibu, nikafungua daftari kuoanisha namba na jina. Lilikuwa jina lake.

Alitibiwa upya, safari hii na sindano kila siku kwa miezi 2. Alipona, yuko hai, tunashukuru. Lakini pafu moja lilibaki na makovu. Mtu aliyekuwa anabeba mfuko wa saruji begani, leo akitembea kutoka nyumbani mpaka barabarani anasimama mara mbili kupumzika. Wanangu, lile kopo ndilo lililonileta hapa.

TANZANIA ILIIFUNDISHA DUNIA

Jambo la kujivunia pia lipo. Mwaka 1977 nchi yetu ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma. Daktari Karel Styblo na wataalamu wa Kitanzania walijenga utaratibu rahisi: hadubini wilayani, dawa zisizokatika, daftari la kila mgonjwa, na mtu wa kumwona mgonjwa akimeza dawa. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likauchukua utaratibu wa namna hiyo na kuutangaza kwa nchi nyingine. Hata hivyo kazi haijaisha. Katika orodha ya shirika hilo ya 2021 hadi 2025, Tanzania ilikuwa kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu.

Na Ihumwa ya leo siyo ile ya zamani. Mji wa Serikali uko jirani tu hapo Mtumba. Malori yanalala barabarani, mafundi wamekuja toka kila mkoa, chumba kimoja wanalala watu sita na dirisha limezibwa kwa sababu ya vumbi. Kifua kikuu kinapenda hewa iliyotuama. Hata tembe la babu, zuri kwa baridi ya Juni, lina madirisha madogo. Basi fungueni madirisha mchana, jua na upepo viingie. Jua linamuua bakteria huyu, na upepo unamtawanya.

KUMBUKA HAYA

1. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho jingi usiku, kukonda, au damu kwenye makohozi: nenda zahanati. Usisubiri mtihani uishe.
2. Kupima na kutibiwa kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure.
3. Pima na virusi vya UKIMWI pia. Kinga ikishuka, bakteria waliolala huamka.
4. Kohoa ukiwa umeziba mdomo kwa kitambaa au kiwiko.
5. Maziwa ya ng'ombe yachemshwe. Ng'ombe naye ana kifua kikuu chake, na kinapita kwenye maziwa mabichi.
6. Ukianza dawa, maliza. Mwenzako akianza, msaidie kumaliza.

MASWALI YA WANAFUNZI

Shikamoo mama. Kama bakteria ana koti la nta na sabuni inavunja nta, kwa nini mgonjwa asinywe maji ya sabuni kidogo?

Marahaba mwanangu. Umefikiri vizuri, lakini usijaribu kamwe! Ngozi ya kila seli ya mwili wako nayo imejengwa kwa mafuta. Sabuni haichagui, itaunguza koo na tumbo lako kabla ya kumfikia bakteria aliye ndani ya pafu. Isoniazidi inachagua: inazuia kazi ya kutengeneza nta ambayo bakteria anaifanya na wewe huifanyi. Hiyo ndiyo tofauti ya dawa na sumu.

Mama, mwenzetu wa bweni ana kifua kikuu. Tuache kula naye sahani moja?

Hapana. Ugonjwa huu unapita kwenye hewa, siyo kwenye sahani, kikombe wala kusalimiana kwa mkono. Hatari ni kabla hajaanza tiba, mnapolala naye chumba kimoja kisicho na hewa. Akiwa kwenye dawa, baada ya wiki chache kwa kawaida haambukizi tena, ila daktari ndiye aseme. Ninyi mlioishi naye mkapimwe. Mkimtenga ataficha vidonge, akificha ataruka siku, na hasara itawarudia ninyi.

Baba alianza dawa, akaona mkojo una rangi ya chungwa, akaacha. Anasema dawa inakausha damu.

Mwambie kwa heshima kwamba rangi hiyo ni ya dawa moja inayoitwa rifampisini. Inatoka tu kwenye mkojo, haina madhara. Asiache. Ila akiona macho yanakuwa ya njano, anatapika sana, au miguu inawaka moto na kufa ganzi, arudi kliniki siku hiyo hiyo. Na pombe aiweke pembeni, ini lina kazi ya kutosha. Wewe mwenyewe mpeleke arudie tiba, usimwache aende peke yake.

Mama, bibi anasema mjomba amerogwa, siyo kifua kikuu.

Usigombane na bibi. Mwambie, "Bibi, tupeleke makohozi kwanza." Vijiti vyekundu vikionekana, jibu limepatikana, na dawa ipo.

Zabibu hizi mgawane, lakini zioshwe kwanza. Na mkifika nyumbani, angalieni juu ya makabati. Mkikuta kopo lenye vidonge vilivyosahaulika, msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Ulizeni ni vya nani.